Sindano ya Ng'ombe na Wino wa Printa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakuambia mapema ili usipoteze muda kumtafuta. Rafiki yangu Parsimei alinisaidia kidogo, lakini sehemu kubwa ya ujinga ule ni yangu.

Naitwa Simeo, fundi baiskeli wa Korogwe. Mke wangu ni Rosina, mama wa mtoto wetu Asnath. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Maduka yalikuwa yamejaa vitu vya nje. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tulishangaa kuona kompyuta zilizotumika Ulaya zinauzwa pembeni ya ndoo na makarai. Rosina aliwahi kuwa mpiga chapa. Akanunua kompyuta na printa ndogo, akaviweka sebuleni, akavifunika kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Watu wakaanza kuja nyumbani na kazi zao: barua za kuomba kazi, ratiba za ibada, matangazo ya mpira.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutoshika chochote. Nilikuwa nimeshaua redio mbili na pasi moja kwa kuzitengeneza.

Mwezi ule Parsimei alikuwa anaozesha binti yake, Nasinkoi. Parsimei ni Mmaasai, mfugaji wa Handeni, huko kwenye mbuga kavu. Bwana harusi, Abraham, ni Msambaa wa Lushoto. Harusi ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa Parsimei.

Kulikuwa na jambo moja lililomkosesha Nasinkoi usingizi. Kwao, binti akiolewa, baba anasimama mbele ya watu na kumbariki. Anasema neno, watu wote wanaitikia "Naai!", kama wengine wanavyosema amina. Anasema jingine, wanaitikia tena. Baraka ile ni ya watu wote, si ya mzee peke yake. Sasa wakwe wa Lushoto hawajui Kimaa, lugha ya Wamaasai. Wangejuaje waitikie wapi?

Nasinkoi ndiye aliyepata jibu. Alimwomba Rosina apige chapa maneno ya baraka, Kimaa upande huu na Kiswahili upande ule, na kila mahali pa kuitikia iandikwe "NAAI" kwa herufi nene nyeusi. Kila mgeni apewe karatasi yake.

Alhamisi asubuhi Rosina alikuwa amemaliza kuandika. Zikatoka karatasi chache, za mwisho zikawa hafifu kama zimeandikwa kwa majivu.

"Wino umekwisha," akasema. "Katriji mpya mpaka Tanga. Lakini nimenunua wino wa kujazia, uko kwenye boksi lile. Nakwenda Mnyuzi kumwona mama, anaumwa. Nikirudi mchana tutajaza. Baba Asnath, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Nisiguse."

"Haya."

Akaondoka. Nikakaa. Nikaangalia boksi. Boksi nalo likaniangalia.

Kabla ya saa sita Parsimei akafika na Nasinkoi kuchukua karatasi. Parsimei alikuwa ametoka duka la dawa za mifugo.

"Tayari?" akauliza.

"Bado. Printa haina wino."

"Si uitie?"

Basi. Mtu akikuuliza hivyo mbele ya binti yake, utasema mke wangu amenikataza? Nikachomoa katriji. Ni kiboksi kidogo, kinaingia kwenye kiganja. Nikafungua boksi la wino. Ndani mlikuwa na chupa, karatasi ya maelezo, na bomba dogo la sindano lenye sindano nyembamba kama unywele.

Parsimei akalishika kwa vidole viwili, akacheka. "Hii ya kuchanjia nini? Kifaranga?"

"Labda wameweka mapambo tu," nikasema. Karatasi ya maelezo nikaiwekea kikombe cha chai juu.

"Ngoja nikupe sindano ya wanaume." Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa bomba la kuchanjia ng'ombe. Kubwa! Sindano yake nene kama spoku ya baiskeli.

Nasinkoi akasema taratibu, "Baba, tungemsubiri Mama Asnath."

"Wewe bibi harusi, tulia. Mimi nimechanja ng'ombe kabla hujazaliwa."

Nikavuta wino mpaka bomba likajaa. Nikabandua lebo ya juu ya katriji, nikaona tundu. Parsimei akanishika mkono.

"Usimwonee huruma. Chomeka mpaka ndani, sukuma mara moja, chomoa. Ukichelewa anapiga teke."

Nikachomeka. Nikasukuma mara moja. Katriji haikupiga teke. Ilitapika. Wino ukaruka kutoka tunduni, ukashuka mezani, ukafika kwenye kitambaa cha Rosina na shuka ya Parsimei. Chini ya katriji nako ukatiririka. Nikaifuta kwa tambara langu la kazi, nikasugua vizuri kama ninavyosugua rimu. Nikairudisha kwenye printa, nikabonyeza kitufe.

Karatasi ya kwanza ikatoka na ziwa jeusi katikati. Ya pili ikatoka na mistari. Ya tatu ikatoka nyeupe kabisa.

Tukawa tunaiangalia ile nyeupe wakati Rosina anaingia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliangalia meza, akaangalia kitambaa, akaangalia lile bomba.

"Hii ni nini?"

Tukasikia Nasinkoi analia polepole, ncha ya shuka ikiwa mdomoni.

"Twende mjini zikatolewe kopi," nikasema.

"Mjini mashine ni mbili," Rosina akanijibu. "Mwenye moja yuko msibani. Ya pili inatoa karatasi zenye mistari kama punda milia. Unadhani sijaulizia?"

Nasinkoi akafuta macho. "Mama, basi. Baba atabariki peke yake. Wakwe zangu watakaa kimya wamtazame. Siyo kosa la mtu."

Aliposema siyo kosa la mtu, nikatamani angesema ni langu. Parsimei naye akainama, akaanza kukuna wino ulioganda kwenye shuka.

"Niiteni Chausiku," Rosina akasema.

Chausiku ni jirani yetu. Alikuwa karani miaka mingi kwenye ofisi ya shamba la mkonge, kule Ngombezi. Sasa anafuga kuku. Mdomo anao. Alipoingia alinusa lile bomba kabla hata ya kukaa.

"Hii ilikuwa na dawa gani?"

"Ya minyoo na kupe," Parsimei akasema. "Lakini niliisuuza."

"Kwa maji?"

"Kwa maji."

"Shemeji Simeo, wewe fundi baiskeli. Grisi inatoka kwa maji?"

"Haitoki."

"Dawa ile ina mafuta. Mafuta yameingia kwenye wino. Geuza katriji. Unaona hapa chini? Hapa pana vitundu vidogo, macho yako hayavioni. Wino unatokea humo. Mafuta na takataka zikiziba, basi. Na wewe ukasugua na tambara la grisi juu yake?"

"Kidogo."

"Na hivi vidoti vya rangi ya shaba, navyo umevishika? Hivi ndivyo vinavyozungumza na printa. Havishikwi kwa vidole." Akaiweka katriji pembeni. "Hii pole yake. Imekufa."

Nasinkoi akairudisha ncha ya shuka mdomoni.

"Usilie, bibi harusi, sijamaliza. Ofisini walikuwa wanatupa katriji zikiisha, mimi naziokota. Rosina, nisomee namba ya hii. Lazima namba zifanane."

Rosina akasoma. Chausiku akaenda kwake, akarudi na katriji ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mdomo wa katriji umezibwa kwa utepe.

"Mnaona? Ikikaa wazi inakauka, na ikikauka vitundu vinaziba. Ndiyo maana wino ukianza kufifia unajaza hapo hapo, husubiri wiki. Haya. Gazeti mezani. Mifuko ya nailoni mikononi. Nani ana mkono usiotetemeka? Wanaume, msijibu."

Rosina akamwangalia Nasinkoi.

"Wewe unatunga shanga?"

"Tangu mdogo."

"Basi njoo. Hii ni kazi yako."

Chausiku akatoa kikombe juu ya karatasi ya maelezo. "Kwanza tunasoma. Wino huu ni wa printa za aina hii? Ndiyo. Kiasi gani? Kimeandikwa hapa. Ni kidogo, siyo bomba la ng'ombe. Tumia hili dogo, ni jipya, halijaingia kitu kingine. Vuta mpaka alama hii. Elekeza sindano juu, toa hewa."

Nasinkoi akafanya hivyo.

"Sasa ingiza kwenye tundu. Ndani mna sponji. Usitoboe mpaka chini. Sukuma tone kwa tone. Mpe sponji nafasi anywe."

"Hivi?"

"Polepole zaidi."

Nasinkoi akasukuma kama anayepitisha uzi kwenye ushanga. Parsimei alikuwa ameacha kukuna shuka.

"Ukiona wino unachungulia tunduni, simama. Ameshiba. Vuta nyuma kidogo ule uliozidi. Vizuri. Futa juu, rudisha lebo, lakini usizibe vijia vya hewa. Bila hewa wino haushuki."

Chausiku akachukua kitambaa laini, akakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akakikamua. "Sasa mdomo wake huu wenye vitundu unaugusisha hapa tu. Usisugue. Subiri. Inua."

Kwenye kitambaa pakabaki mstari mweusi, umenyooka.

"Amefungua macho," akasema Chausiku.

Wakaiacha itulie kidogo. Rosina akaifuta printa ndani, akaiweka katriji. Kompyuta ikaandika kwamba hakuna wino.

"Uongo!" nikasema.

"Haioni wino, inahesabu karatasi tu," Chausiku akanijibu. "Haijui kama tumejaza. Mwambie endelea. Halafu tumia ile sehemu ya kusafisha katriji, mara moja. Usirudie rudie, unamaliza wino bure."

Karatasi ya kwanza ikatoka na mapengo. Ya pili ikatoka safi. Nasinkoi akaipokea ikiwa bado mbichi, akasoma kwa sauti ndogo, akafika kwenye herufi nene: "NAAI."

Parsimei akaitikia palepale, "Naai!" Sote tukacheka.

Wakati printa inafanya kazi, Chausiku alimgeukia Parsimei, safari hii bila mzaha. "Hilo bomba lako usilirudishe kwa ng'ombe, limeshaingia wino. Wala bomba la ng'ombe lisiguse mtu. Sindano weka kwenye kopo gumu lenye mfuniko, watoto wasiione. Na wino wafichieni watoto vilevile."

"Nimesikia."

"Na wewe Rosina, hii utaijaza mara chache tu, halafu itachoka. Herufi zikianza kukatika hata baada ya kusafisha, nunua mpya. Ya rangi ina vyumba vitatu. Kila chumba na wino wake na bomba lake. Ukichanganya, nyekundu yako itakuwa matope."

Rosina akayashika yote. Mpaka leo vifaa vya kujazia viko kwenye boksi lao, bomba jipya kwa kila rangi, na anajaza kabla wino haujaisha kabisa. Kazi za watu hazilali tena kungoja katriji ya Tanga.

Jumamosi tukaenda Handeni. Parsimei akasimama na fimbo yake mbele ya binti. Akasema neno la kwanza. Upande wa wafugaji wakaitikia. Wazee wa Lushoto wakawa bado wanatafuta mstari. Neno la pili, mama mkwe akainua karatasi, akaitikia peke yake kwa sauti nyembamba. Neno la tatu wakaitikia wote, kanga na shuka, mpaka mbuzi wakashtuka zizini. Nasinkoi aliinamisha kichwa. Nilimwona anatabasamu chini ya shanga zake.

Baadaye, kwenye nyama, Parsimei na mimi tukaanza kubishana.

"Aliyeharibu ni wewe," akasema. "Mimi nilitoa bomba tu. Mkono ulikuwa wako."

"Na aliyesema sukuma mara moja ni nani? Wewe ndiye daktari."

"Dawa yangu haina kosa! Ng'ombe wangu wote nawachanja vilevile, na hakuna anayekufa. Ile katriji ilikuwa mgonjwa tangu zamani."

"Haikuwa mgonjwa!"

"Ilikuwa mgonjwa. Shemeji Rosina, sema wewe. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

Rosina akameza kwanza.

"Haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na njaa. Nyie mkaichanja."