Kamba ya Mdogo Wangu

Jioni ile nilikwenda kujaza mitungi ya hewa tu. Mdogo wangu akanifuata mpaka dukani akinibembeleza niende naye. Kazi yangu ni kuwashusha wageni bahari kuu gizani, wakaone viumbe vinavyopanda usiku kutoka vilindini. Mgeni wa siku hiyo alikuwa ameahirisha. Nikamwambia haya, twende, ila ukitapika botini utasafisha mwenyewe.

Tulipopita nyumbani, mama alinivuta kando mlangoni. "Umrudishe," alisema. Nikacheka.

Nahodha wetu ni shangazi. Alizima injini mahali ambapo kina hakipimiki. Kila mmoja wetu alifunga kamba yake kiunoni, ncha ya pili kwenye ukingo wa boti. Nikamwonya mdogo wangu: huko chini usijifungue, hata iweje. Gizani mtu huzama bila kujua kwamba anazama.

Tukashuka.

Vilikuja taratibu kwenye mwanga wa tochi. Vidude laini, vyeupe kama maji, hata matumbo yanaonekana. Utepe mrefu unaowaka na kuzimika. Mdogo wangu alikuwa ubavuni pangu, macho yamemtoka kwa furaha. Nilimpenda sana wakati ule.

Kisha hewa ya mtungi ikaanza kunuka... udongo mbichi. Udongo wa kaburi linalochimbwa.

Nikamshika mkono, nikamwashiria tupande. Akaitikia kwa kichwa. Nilipanda polepole, kila nikitazama chini nauona mwanga wa tochi yake unanifuata. Nikashika ngazi, nikaingia botini.

Mdogo wangu alikuwa amekaa pale, amejifunika taulo.

"Mbona umechelewa, dada?" alinong'ona. "Mimi niliogopa. Nikajifungua, nikapanda."

Nikatazama ukingoni. Kamba yake ilikuwa bado imeshuka majini.

Imekaza.

Shangazi naye aliiona. "Bahari huiga sura za watu," alisema kwa sauti ya chini, akanitia kisu mkononi. "Kata. Kata kabla hakijafika juu."

"Kata, dada," mdogo wangu akasema.

Nikaanza kukata. Nyuzi zikaachia, moja moja... Ndipo kamba ikavutwa. Mara tatu polepole, mara moja haraka. Utotoni tulilala chumba kimoja, tukifungana uzi vidoleni, na anayeogopa giza alimwamsha mwenzake hivyo hivyo. Hatukumwambia mtu yeyote.

Kisu kikasimama.

Boti ikainama upande ule. Kitu kikagonga ngazi. Hofu ikanishinda nguvu, nikamalizia.

Mwanga ulionekana chini kidogo, ukizidi kuwa mdogo. Halafu hatukuuona tena.

Mama alimkumbatia mlangoni, akanishukuru mpaka akalia. Anasema mwanawe amekuwa mtulivu siku hizi, hana makuu, hula chochote anachopewa. Mimi ndiye ninayerudisha sahani ikiwa imejaa. Usiku nalala na mlango nimeufunga kwa ufunguo, na naona aibu kwa hilo, maana akiwa ni yeye namkosea.

Juzi tulibaki wawili jikoni. Yeye anaosha vyombo, mimi nafuta. Nikajipa moyo.

"Ni wewe?" nilimuuliza.

Hakushtuka. Aliisuuza sahani mpaka ikatakata, akanipa.

"Dada," alisema kwa upole, "maji yakimwagika hayazoleki."