Namba Iliyosuguliwa

Nyinyi mnaokaa na wazee wenu nyumbani, wekeni kazi chini kidogo msikilize haya.

Kulikuwa na nyumba tulivu ya vyumba vitatu. Asubuhi, jua likiingia dirishani, mama mkwe alikaa akichambua pamba ya mito, mkazamwana wake, aitwaye Mama Pacha, akikanyaga cherehani, na mume mtu akiwa mezani na vitu vyake. Huyo mume alikuwa karani mstaafu wa idara ya maji. Hakuwahi kushika bunduki hata siku moja, lakini mtaa mzima ulimwita Jenerali, maana alikusanya mabaki ya jeshi: kofia za chuma, vifungo vya shaba, nishani, na vitabu vya utumishi vilivyotafunwa na mende.

"Jenerali, vita vimefika wapi?" fundi viatu alimpigia kelele akipita.

"Shona viatu wewe! Kwata huiwezi!"

Wakacheka. Hata mama mkwe alicheka, kisha akauliza lile aliloliuliza kila siku: "Na baba yako, mwanangu? Umemfikia?"

Kicheko kikakatika. Mume wa bibi huyu alipelekwa vitani Jenerali akiwa bado tumboni. Hakurudi. Ilirudi nishani tu, ndani ya bahasha. Bibi hakudai fidia wala sifa. Alitaka kujua kaburi liko upande gani, ili anapomwombea mumewe aelekee huko, asibaki kuongea na kabati lililowekwa nishani.

"Kesho kutwa, mama. Nimmalize huyu kwanza."

"Huyu" alikuwa askari asiyewahusu ndewe wala sikio, mwenye nishani aliyoinunua Jenerali sokoni. Kila wiki alikwenda ofisi ya kumbukumbu kufukua mafaili ya watu kama hao.

"Watu baki unawatafuta mpaka saizi za buti zao," Mama Pacha alimwambia. "Baba yako je?"

"Baba hakimbii, mke wangu. Hawa wengine wanagombewa na wakusanyaji. Nikizubaa, mwenzangu atawahi."

Alikuwa na daftari nene. Namba ya utumishi ya kila askari, aliyoisoma kwenye nishani yake, aliiandika humo kwa wino mwekundu. Ya baba yake haikuwamo. Ya nini kuiandika, na nishani yenyewe iko kabatini?

Ikatangazwa siku ya maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Jenerali akaitoa nishani ya baba yake, nyeusi kwa uzee. Wakusanyaji wanajua kwamba nishani haisuguliwi. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu, basi. Yeye mwenyewe aliwahi kumtia mwenzake aibu kwa kosa hilo. Lakini safari hii alitaka baba yake awapite wote kwa kung'aa. Akachukua msasa laini na dawa ya shaba, akasugua mbele, akasugua nyuma, akahamia ukingoni.

Mama Pacha akasimamisha cherehani. Ukingoni kulikuwa na tarakimu ndogondogo zilizogongwa. Aliwahi kuzipapasa kwa kidole.

"Baba Pacha, na hizo namba nazo ni uchafu?"

"Wewe tazama pindo lako."

Akatazama pindo lake. Ndugu zangu, hapo ndipo alipokosea yeye, na alijua.

Nishani iling'aa, ikapigwa picha, Jenerali akarudi na cheti. Haukupita mwezi, miguu ya bibi ikavimba. Daktari alimvuta Mama Pacha pembeni: moyo umechoka, siku zilizobaki ni za kuhesabu.

Sasa Jenerali alikwenda mbio, mkewe nyuma yake, mpaka ofisi ya kumbukumbu.

"Mzee wangu, leo umekuja na askari gani?" karani, binti mwenye miwani, alimchangamkia.

"Baba yangu."

Binti aliandika jina, akaingia ndani, akakawia, akarudi na kisanduku cha kadi. "Wenye jina hili wapo kumi na saba, na wote hawakurudi. Nipe namba."

Jenerali akaigeuza nishani. Ukingo ulikuwa laini kama mpini wa kijiko. Binti aliuweka chini ya kioo cha kukuzia, akauzungusha mara mbili.

"Nani kaisugua hivi?"

"Mimi."

"Wewe, mzee? Wewe uliyenifundisha mimi kusoma namba hizi?"

Jenerali aliifumbata nishani kiganjani. Mama Pacha ndiye aliyeuliza, "Wamezikwa wapi hao?"

"Katika viwanja saba vya makaburi, mama. Viko mbalimbali, kila kimoja na upande wake."

Bibi alisikia hatua zao mlangoni. "Mmempata?"

Jenerali alifungua mdomo. Mama Pacha aliuona uongo ukija, na, Mungu amsamehe, alitamani utoke. Haukutoka. Jenerali alianza kulia, na bibi akadhani ni machozi ya furaha.

"Ahsante, mwanangu. Basi nigeuzeni nimwelekee."

Wakamshika, mmoja bega hili, mwingine bega lile, wakabaki wamemshikilia.

"Mbona mmesimama? Ni upande gani?"

Alifariki Alhamisi akiangalia dari.

Funzo

Kukusanya vitu vya zamani si dhambi; kuna wajane waliopata faraja kwa kazi hiyo. Dhambi ni kuwashughulikia wafu wa watu huku mama yako akiuliza swali lilelile kila asubuhi. Mzee akikuuliza, mjibu angali anasikia. Lililo la nyumbani liandike kwanza, usiseme lipo tu. Nawe unayeona kosa likitendeka ukaambiwa utazame pindo lako, usitazame. Mshike mkono anayesugua.