Godoro la Mshazari

Mimi nimeolewa katika nyumba ya mafundi magodoro. Baba mkwe alikuwa fundi, mume wangu ni fundi, na mama mkwe ndiye anayeshona mifuko ya magodoro kwa cherehani. Duka liko mbele, tunaishi nyuma, na ukuta wa katikati ni wa mbao. Ukipiga chafya chumbani, mteja dukani anakwambia pole.

Watu hawa wanaamini godoro linatibu kila kitu. Nilipojifungua, nililetewa godoro. Nilipogombana na mume wangu, mama mkwe alituletea jingine, pana zaidi. Kwa hiyo Baba alipoanza kuishiwa pumzi, mnajua tayari alipewa nini.

Mapafu yake yalikuwa yamechakaa. Miaka mingi alichambua pamba bila kufunika pua, na sigara nazo hakuziacha mpaka kifua kilipozikataa. Daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa umefika mbali na hautapona. Kila akizidiwa, mume wangu alimkimbiza hospitali, na kila akirudi alikuwa amechoka zaidi. Baba, mwenye maneno kuliko redio, sasa alisema neno moja, akapumzika, ndipo akasema la pili.

Basi tukamlaza chali kwenye godoro laini kuliko yote dukani. Alipozidi kuhema, mume wangu akaongeza jingine juu ya lile la kwanza. Baba akazama humo mpaka kidevu kikagusa kifua. Mama akafunga dirisha ili baridi isimguse, akamfunika blanketi hadi shingoni. Sote tuliona tumefanya kazi nzuri.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kununua godoro la mtoto. Alikuwa akibonyezabonyeza sponji, mara akatulia kusikiliza.

"Nani anahema hivyo huko nyuma?"

"Baba mkwe," nikamjibu. "Ni mapafu. Hospitali wamesema hakuna la kufanya."

"La kumponya huenda halipo. La kufanya lipo. Mimi ni nesi wa tiba shufaa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tunamhudumia mtu mwenye ugonjwa usiopona, ili asiteseke. Tunamfuata nyumbani kwake, na familia yake tunaiangalia pia."

Mume wangu alitokea na mkasi mkononi, uso ameukunja. "Dada, nyinyi si ndio mnaokuja watu wakishakata tamaa? Baba yangu bado yupo."

"Kwa sababu bado yupo ndiyo naomba kumwona," nesi akasema. "Aliyekufa hahitaji pumzi."

Nilimpenda papo hapo, kusema kweli.

Chumbani hakuanza kwa kupima kitu. Alimshika Baba mkono.

"Shikamoo, Baba."

"Mara... haba."

"Ukilala hivi unapumua vizuri?"

Baba akatikisa kichwa kukataa.

"Mbona hukutuambia, Baba?" mume wangu akauliza.

"Pumzi ya... kuwaambia... iko wapi?"

Tuliona haya. Nesi akatuonyesha namna ya kumketisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikikanyaga chini, mikono ikiegemea meza tuliyoiwekea mto. Akafungua dirisha. Akaomba feni ndogo ya dukani, akaielekeza usoni kwa Baba.

"Hewa ikimpiga usoni, ile hali ya kuhisi anakabwa inapungua," akatueleza. "Baba, vuta pumzi taratibu kwa pua. Sasa itoe kwa mdomo ulioubana, kama unapoza chai. Usiwe na haraka."

Mabega ya Baba yakashuka. Mama akaanza kulia, wala hakujificha.

Kisha nesi akauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza. "Baba, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nisirudishwe... wodini. Siku yangu... inikute hapa. Na wao... wasihangaike kunikimbiza."

Mume wangu akatoka nje. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. "Sawa, Baba," akasema.

Kesho yake nesi alirudi na daktari wao. Dawa ya kuvuta kwa mdomo aliyopewa hospitali wakasema aendelee nayo. Wakaongeza mofini ya maji, kiasi kidogo. Mama akasita kuipokea.

"Mwanangu, hiyo si ndiyo ya kumalizia watu?"

"Wengi wanaogopa hivyo, Mama," nesi akasema. "Ikipimwa vizuri haimmalizi mtu. Inampunguzia kuhisi kwamba hewa haimtoshi. Siku za mwanzo anaweza kusinzia. Choo nacho kinaweza kuwa kigumu, ndiyo maana tumempa na hii ya kukilainisha. Mpe kama daktari alivyopima, usimwongezee mwenyewe. Ukiona mabadiliko, nipigie simu saa yoyote."

Likabaki godoro. "Anahitaji la kumshikilia, si la kummeza," nesi akasema. Mume wangu akaleta sponji ngumu na kisu ili aikate iwe godoro la kuegemea. Baba alimtazama, akashindwa kuvumilia.

"Kata mshazari. Mshazari, bwana, unakata keki?"

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, na kejeli juu. Tulicheka mpaka mteja akachungulia kuuliza kuna nini.

Tangu hapo nyumba ilichangamka. Baba aliegemea godoro lake karibu na dirisha, akisengenya mavazi ya wapita njia na kumsahihisha mwanawe kazi. Mama alimwambia mambo ya moyoni, naye akamjibu. Siku moja pumzi ilimkaba ghafla, na mume wangu akanyakua funguo za gari.

"Ziweke chini," Mama akamwambia. "Shika feni."

Akamketisha mumewe, akampa dawa yake, akawa anapumua pamoja naye taratibu mpaka pumzi ikatulia. Mama huyu huyu aliyekuwa akiogopa dirisha.

Tulipata miezi mizuri. Kisha mwili wa Baba ukachoka kabisa, akawa analala karibu siku nzima. Siku yake ilifika mchana, duka likiwa wazi. Mama alimpigia nesi, naye akaja, akamsikiliza Baba pumzi.

"Ni leo?" mume wangu akauliza.

"Naona hivyo. Haonyeshi kuteseka. Ongeeni naye, huenda anawasikia."

Mume wangu ni mtu asiyejua kutulia. Lakini alivua viatu, akapanda kitandani, akakaa nyuma ya baba yake na kumwegemeza kifuani pake.

"Niko hapa, Baba. Siendi popote."

Baba alipumua hivyo kwa muda, polepole, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama. Kisha akaacha. Mama alimfumba macho mwenyewe, na mume wangu akabaki amemkumbatia mpaka jioni.