Gasketi ya Mwisho

Mwanamume anayembeba mtoto kichwa chini katikati ya watu anastahili kusemwa, na Mwanatumu hakuwa msichana wa kuona jambo akalinyamazia.

Ilikuwa siku ya soko pale Kona ya Musa, mwaka uliofuata Uhuru. Mwanatumu alikuwa kwenye cherehani yake barazani pa duka la Mhindi, gauni la maua madogo mwilini, leso kichwani, akinukia marashi ya waridi. Marashi hayo hakuyaacha hata siku ya kazi, na wateja walisema nguo zake hujulikana kwa pua kabla ya jicho. Basi akamwona kijana mrefu akipenya kati ya wauza maembe, anatweta, kakumbatia kitu kilichozungushiwa leso, upande mmoja unaning'inia.

"We kaka! Shika vizuri kichwa cha mtoto! Utamvunja shingo!"

Kijana akasimama. Akamtazama, akakitazama alichokibeba, akaangua kicheko.

"Huyu hana shingo, dada. Wala kulia halii. Hebu mpakate uone."

Akamwekea mapajani. Mwanatumu nusura aende chini na kigoda chake. Alipofunua leso alikuta chuma kilichopindapinda, kinang'aa kwa oili.

"Lo! Dude gani hili?"

"Krankshafti. Uti wa mgongo wa injini. Leso ni ya mama, chuma ni changu. Na wewe u wa nani?"

"Mimi ni wa kukudai sabuni. Tazama ulivyonichafulia gauni!"

"Kesho nitaleta sabuni."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa nitalichafua tena, nipate sababu."

Huyo ndiye Chirau. Alikuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha sukari huko Ramisi, lakini injini yake aliijenga nyumbani Ukunda, katika ua wa mama yake, Bi Mwanapili. Mzungu mmoja aliyefunga virago baada ya bendera kushushwa aliacha gari bovu aina ya Pijo, na Chirau hakutaka kulifufua tu. Alitaka lipae. Sikukuu ya Jamhuri magari yangeshindana kutoka Likoni hadi Lungalunga na kurudi, na siku zote walioshindana walikuwa Wazungu na Wahindi, wenyeji kazi yao kula vumbi kando ya barabara.

Ua wa watu ukageuka gereji. Pistoni zililala kwenye ungo wa mchele. Vyuma vilisuguliwa kwa makumbi ya nazi na mafuta ya taa ndani ya sufuria ya pilau, na Bi Mwanapili akaapa kuwa sufuria hiyo haingii jikoni mwake tena. Rafiki yake Mwinga, Mduruma wa Mackinnon Road aliyekulia kwenye malori, alishinda akipiga msasa njia za hewa na kuimba kwa sauti mbaya. Waliichonga silinda hedi, kichwa cha injini, ili mlipuko ubanike zaidi, wakafunga kabureta mbili mahali pa moja.

Kazi ya Mwanatumu ilikuwa gasketi. Kila panapokutana chuma na chuma panahitaji gasketi katikati, kitu kisivuje, na za dukani zilikuwa Nairobi. Yeye alilaza karatasi ngumu juu ya chuma, akapitisha kidole chenye oili kwenye kingo mpaka umbo likajichora, kisha akakata kwa mkasi wake wa ushonaji. Bi Mwanapili alikaa naye kwenye mkeka, kwa heshima zote, na mara nyingi alisinzia kwa makusudi.

Chirau akiwa kazini, simu ya duka haikupumzika.

"Mwanatumu!" Mhindi angeita. "Ramisi tena!"

"Haloo?"

"Laazizi, umekula?"

"Unapiga simu ya watu kuniuliza chakula?"

"Basi nauliza gasketi ya pampu."

"Imekwisha. Na mimi nimekula."

"Kumbe ungenijibu yote kwa mara moja!"

"Ningekujibu mara moja ungekata simu," alisema Mwanatumu, na Mhindi akacheka peke yake nyuma ya mizani.

Alimpenda, na hakulificha. Lakini mama yake Mwanatumu alikuwa marehemu, na kwa Wadigo mwenye kauli juu ya mpwa ni mjomba. Mjomba Abdurahman wa Msambweni, mfanyabiashara wa mbata, alimpokea Chirau barazani siku aliyokwenda kuposa, kijana kajipigilia kanzu ya kuazima iliyomfika juu ya vifundo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bado sijawa mjomba wako. Chirau, chuo ulianza, ukaacha. Useremala ulianza, na kuna kitanda huko Diani kina miguu mitatu mpaka leo. Matano wa Vanga pia ameposa. Amefiwa na mkewe, ana duka, ana adabu. Niambie, kwa nini nikupe wewe?"

"Kwa sababu injini hii nitaimaliza, mzee."

Mjomba akajikuna ndevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa neno moja.

"Haya. Sikwambii ushinde. Utoke Likoni na urudi Likoni kwa magurudumu yako mwenyewe. Ukimaliza, mwari ni wako. Ukikwama, nisikuone hapa tena."

Mwanatumu alisikia yote nyuma ya pazia. Alitoka pale miguu haigusi chini, kwa maana nani asingeweza kumaliza, na injini ile?

Kumbe nyumbani kwa Chirau alikuwamo mtu aliyeiogopa. Babake Chirau alifia kwenye lori lililopinduka, na tangu hapo Bi Mwanapili akisikia mlio wowote wa gari huanza kusoma dua. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, ua mzima ukatetemeka, Mwinga akacheza, Chirau akalia machozi. Bi Mwanapili aliingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi ya Jamhuri, Chirau na Mwinga walikwenda kuoga.

"Kipenzi, nakuachia gari. Asiliguse mtu."

"Hata nzi," akajibu Mwanatumu.

Aliketi kando ya Pijo kama askari. Kisha akaliona shati la Chirau kwenye kamba, halina kifungo, akaingia ndani mara moja kulishona. Alipotoka alimkuta Bi Mwanapili anatoka upande wa gari na chupa tupu ya soda, uso umekunjuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimelipatia gari kombe lake, mwanangu. Sasa roho imetulia."

Kombe Mwanatumu alilijua tangu utotoni: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi. Mtu hulinywa, au hujinyunyizia. Alidhani Bi Mwanapili ameyanyunyizia magurudumu, kama watu wafanyavyo kwa chombo kipya. Akacheka, akambusu mkono.

Mchana alikuwa Msambweni barazani pa mjomba, barabara imejaa watu pande zote mbili. Pijo lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa nyuma ya Volvo moja tu, kiwiliwili cha Mwinga nusu kiko nje dirishani anapunga mkono, na Mwanatumu akajikuta anapiga vigelegele mbele ya mjomba wake bila haya.

Kisha mlio ukageuka. Kukaja kugongagonga, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Kukaja moshi. Gari likajiburura mpaka mbele ya baraza ileile ya Abdurahman, likazimika.

Mwinga alifungua boneti, akafungua mfuniko wa kutilia oili. Ndani kulikuwa na uji wa manjano, mzito kama mchuzi wa tui. Na katika joto lile la chuma ikapanda harufu ya waridi.

Mwanatumu alielewa papo hapo. Zafarani. Chupa ya soda. Mama wa watu alitafuta tundu la kumlinda mwanawe, akatia kwenye oili.

Chirau naye alinusa. Akageuka polepole, akamtazama msichana anayenukia waridi kila siku ya Mungu.

"Mwanatumu. Nilikuachia wewe gari."

Midomo ya Mwanatumu ilifunguka. Msambweni nzima ilikuwa pale, na wengine walikuwa wameanza kucheka. Akisema, kabla ya alasiri pwani yote itamwimba mwanamke aliyeinywesha injini dua. Hilo lingepita. Lililomziba kinywa ni macho ya Chirau. Akisema, macho hayo yatakwenda kumtazama Bi Mwanapili, ambaye duniani hana mwingine.

"Nani aliligusa? Sema! Mjomba wako amekutuma? Matano? Wamekuahidi nini?"

"Chirau, twende nyumbani kwanza. Tafadhali."

"Nyumbani kwa nani?" alisema Chirau, akampa mgongo.

Pijo lilivutwa na lori mpaka Ukunda. Mwanatumu hakuruhusiwa kulifuata. Jioni ile mjomba alimwita, na pembeni yake walikuwa wamekaa sheikh na wazee wawili.

"Mwanangu, umejionea mwenyewe. Matano anangoja jibu. Unamridhia?"

Alitaka kusema hapana. Mungu ni shahidi, neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini tangu mchana alikuwa amelibana koo ili siri isitoke, na sasa koo halikumtii. Alitafuta pumzi. Machozi yalikuja, sauti haikuja. Na mwari akiulizwa hivyo, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Kila mtu anajua hivyo.

"Amenyamaza. Alhamdulillahi," alisema sheikh.

Ikasomwa Fatiha. Alipopata sauti, wazee walikuwa wamekwisha kujipangusa nyuso.

Alirudi Ukunda kwa shangazi yake kujiandaa, na jambo la kwanza akaenda kwa Bi Mwanapili. Pengine yeye mwenyewe atasema, pengine amejua. Bi Mwanapili alimkumbatia kwa furaha.

"Umeona kombe lile? Gari limekufa, mwanangu mzima! Lingemuua kama babake."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Mwanatumu alimshika mikono, akamwambia amshukuru Mungu. Chirau alikuwa amehamia Ramisi, hataki kuliona Pijo wala ua. Mwanatumu akaomba simu ya dukani. Akasikia sauti ya karani, halafu nyuma yake sauti anayoijua ikisema, "Mwambie sipo." Akarudisha mkono wa simu taratibu, asije akaivunja simu ya watu.

Ijumaa ikafungwa nikahi.

Siku ya kupelekwa Vanga alivaa buibui jipya, hina imempanda mpaka viwikoni, udi umekolea nguoni. Somo wake, kungwi aliyemfunda, bibi mnene, aliketi katikati, na cherehani ikafungwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya Matano. Hata Kona ya Musa hawajaipita, mbele ya duka la Mhindi, maji yakaanza kumwagika chini ya boneti na mvuke ukafunika kioo. Matano, mzee mpole wa ndevu nyeupe, akashuka.

"Usitoke juani, mke wangu. Nitatafuta fundi."

Hakutafuta. Fundi alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa Ukunda, shati limejaa oili, anapita mlango kwa mlango akiuliza kwa shangazi wa Mwanatumu ni njia ipi. Akaiona cherehani kwanza. Kisha akaiona mikono yenye hina.

"Kijana, wewe fundi?" aliuliza Matano.

Chirau akamgeukia mzee.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo."

"Marahaba. Ni rehema ya Mungu kukuleta!"

Chirau akainama ndani ya boneti. "Ni gasketi ya pampu ya maji, imekatika. Nipatieni karatasi ngumu. Na mkasi."

"Mkasi ninao," alisema Mwanatumu.

Mhindi akatoa kasha la sabuni. Matano akaenda kukaa kivulini barazani, somo akasinzia kwa joto. Mwanatumu alilaza karatasi juu ya chuma, akachovya kidole chenye hina kwenye oili, akaanza kufuata kingo.

"Ni mama," alisema Chirau kwa sauti ndogo, macho kwenye spana. "Leo Mwinga amenilazimisha tufungue injini. Mama akaja na chai, akatazama, akasema, 'Hee, zafarani yangu ingalimo!'"

"Najua."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Niliinusa pamoja nawe."

"Na hukusema?"

"Ungemtazama vile ulivyonitazama mimi."

Chirau alijifuta uso kwa mkono, akajipaka oili.

"Umemwambia?" aliuliza Mwanatumu.

"Nimemwambia kombe lake lilinifikisha nyumbani salama. Amekwenda kumshukuru mwalimu aliyeliandika."

"Umefanya vyema."

"Mwanatumu, twende. Mwinga ana ndugu Mackinnon Road, atatupokea leo hii."

"Mimi ni mke wa mtu, Chirau."

"Hukutaka!"

"Nilinyamaza," alisema Mwanatumu. "Wewe uliniona nimenyamaza ukasema nina hatia. Wao wakasema nimeridhia. Nani angeniuliza tena?"

Mkasi ulizunguka tundu la mwisho. Alimpa gasketi, na vidole vyao vikagusana kidogo, vyote vina oili.

"Nisamehe, laazizi."

"Nimekusamehe. Nakupenda, na nitakupenda huko Vanga. Haya, funga."

Alifunga bolti moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya mwisho mkono wake ukasimama. Mwanatumu aliuona, na akajua anachokiwaza: bolti moja ikilegea, gari litakufa kabla ya Msambweni, na bibi harusi atarudishwa Ukunda japo kwa siku moja.

"Kaza," alimwambia, machozi yanamtiririka ndani ya ukaya uliomfunika uso. "Kaza mpaka mwisho, Chirau."

Akakaza. Wakamimina maji, Matano akawasha, injini ikaitika papo hapo. Mzee alimshukuru sana kijana, akamwombea dua ndefu mkono umeshika usukani, na Chirau akaitikia amina. Mwanatumu hakugeuka nyuma, kwa sababu aliogopa kwamba angeshuka.

Vanga walifika jua lingali juu. Matano aliinama kwanza akachungulia chini ya boneti, akapapasa pampu. Pakavu, hata tone. Akaja kumfungulia mkewe mlango akitabasamu.

"Kijana yule ni fundi," alisema. "Kazi yake ameimaliza."

"Ndiyo," akajibu Mwanatumu. "Ameimaliza."