Jina Lililobandikwa Ukutani

Kila Oktoba, kabla ya baridi kuingia, Zilpha Gaither alibandika magazeti ukutani. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeachana. Upepo uliingia bila hodi. Basi Zilpha alikoroga unga wa ngano katika maji ya moto, akapata uji mzito, akaupaka ukutani, akabandika karatasi moja baada ya nyingine. Majirani zake Weusi pale Tarver, Mississippi, walifanya vivyo hivyo.

Magazeti alipewa na Wazungu aliowafulia nguo. Hakuyasoma. Hakujua kusoma.

Mwaka ule wa 1893 alibandika peke yake. Miaka mingine mumewe, Asbury, alibandika sehemu za juu, kwa sababu alikuwa mrefu. Sasa Zilpha alipanda juu ya kigoda. Asbury alikuwa amekufa mwezi wa Juni. Namna alivyokufa haikutajwa mle ndani. Mtoto wao Hosea, mwenye miaka mitano, aliambiwa baba amekwenda kwa Mungu. Lovie, mwenye miaka tisa, alijua zaidi ya hapo, lakini hakuuliza.

Baada ya mazishi, Zilpha alianza kwenda darasa la watu wazima kanisani, kila Jumapili mchana. Mwalimu alikuwa jirani yake, Permelia Stokes, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Dada Zilpha, hiyo ni A au ni ngazi iliyovunjika?" Permelia aliuliza.

"Ni A. Imechoka tu. Imefua nguo wiki nzima."

Wanawake walicheka. Zilpha naye alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Jumatatu moja alikuwa anasubiri pasi ipate moto jikoni. Alisimama mbele ya ukuta, akafuata herufi kwa kidole, kama alivyofundishwa. Ghafla kidole kikasimama.

Neno lile alilijua. Asbury alikuwa mhunzi, na juu ya mlango wa karakana yake aliliandika kwa rangi nyeupe: GAITHER. Zilpha alilijua neno hilo kama anavyojua sura ya mtu. Na sasa lilikuwa hapa, katika gazeti, karibu na kitanda cha watoto.

Maneno mengine hakuyaweza. Lakini moyo wake ulijaa. Aliosha mikono, akaenda kumwita Permelia.

"Njoo uone. Wamemwandika Asbury," alisema. "Labda wamesema alikuwa fundi. Hata Wazungu walileta farasi wao kwake."

Permelia aliinama, akasoma kimya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo pasi yako itaungua," alisema.

"Pasi haiungui. Nisomee."

"Dada, tuketi kwanza."

"Permelia. Nisomee mume wangu."

Permelia akasoma polepole, kwa sauti ya chini. Gazeti lilisema kwamba Jumamosi asubuhi, tarehe kumi Juni, mhunzi Mweusi aitwaye Asbury Gaither alimvamia Bibi Thaxton nyumbani kwake. Lilisema kwamba mchana wananchi wenye hasira walimchukua, wakamnyonga darajani. Lilisema alikiri kosa lake kabla ya kufa. Waliomnyonga, gazeti lilimaliza, hawajulikani.

Zilpha hakulia. Alichukua kisu cha kumenyea viazi, akaanza kukwangua ukuta. Permelia alimshika mkono.

"Niache. Nimelibandika mwenyewe. Kwa unga wangu. Watoto wanalala chini yake."

"Ukilikwangua, litatoka humu tu. Liko katika kila nyumba ya Tarver. Liko Jackson. Liko Memphis."

"Lovie yuko kitabu cha pili cha kusoma shuleni. Kabla ya Krismasi atalisoma. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia ukweli."

"Ukweli wangu mimi dobi, na huo wa gazeti. Mtoto ataamini upi?"

Permelia alikichukua kile kisu, akakiweka mezani. Kisha akasema, "Yuko mwanamke mmoja, Bi Leontine Mabry. Ni Mweusi kama sisi, na ana gazeti lake. Anazunguka nchi nzima akiandika habari za watu wetu wanaonyongwa bila mahakama. Nitamwandikia barua. Ila ukuta usiuguse."

Wiki tatu baadaye, Ijumaa asubuhi, mwanamke mfupi alikuja mlangoni na furushi la nguo chafu kichwani. Alivaa kama mtumishi wa nyumbani. Wazungu wawili walikuwa wamekaa mbele ya duka, wakamtazama, wakamwacha. Dobi hupokea wateja siku zote.

"Bi Gaither?" aliuliza mlangoni.

Zilpha aliduwaa. Wazungu walimwita Zilpha, na wengine walimwita Shangazi, japo si ndugu yao. Bi Gaither aliitwa na mchungaji tu.

"Ndimi. Karibu, Bi Mabry. Nguo nazo nifue?"

"Zifue. Ni zangu kweli, na ni chafu kweli."

Zilpha alimpa mkate wa mahindi na mboga zilizopikwa kwa mfupa wa nguruwe. Permelia alikuja akakaa mlangoni, akimenya viazi na kutazama njia. Bi Mabry alitoa kalamu na daftari.

"Nieleze siku ile," alisema. "Uliloliona kwa macho yako liseme. Ulilolisikia kwa watu liseme pia, lakini niambie kuwa umelisikia. Tusiyachanganye."

"Walikuja watu thelathini," Zilpha alianza.

"Uliwaona thelathini?"

"Watu walisema thelathini."

"Wewe uliwaona wangapi?"

Zilpha alifumba macho. "Kumi na mmoja."

"Basi tutaandika kumi na mmoja. Tukiandika thelathini na wao wakathibitisha ni ishirini, watasema hata kamba tumeitunga."

Zilpha akaeleza. Ilikuwa saa sita mchana. Alimpelekea Asbury chakula karakana. Aliwakuta wanaume mlangoni, wamejifunika vichwa kwa mifuko ya unga iliyotobolewa macho. Mkuu wa polisi alikuwa ng'ambo ya barabara, ameegemea nguzo. Hakusogea. Asbury alimwona mkewe. Alitikisa kichwa mara moja, maana yake rudi nyumbani. Zilpha hakurudi. Aliwafuata hadi darajani, kikapu mkononi.

"Alikiri neno lolote?"

"Aliomba maji. Hawakumpa. Hakusema lingine."

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Walijifunika nyuso," Bi Mabry alisema. "Kwa hiyo huwezi kusema ni nani."

Zilpha alitazama mikono yake. Ilikuwa imepauka kwa sabuni.

"Walifunika vichwa," alisema. "Mashati hawakufunika."

Permelia aliacha kumenya viazi.

"Mashati yao nayafua mimi. Nayapiga pasi mimi. Mmoja alikuwa na kiraka cha kiwiko. Nilikishona kwa uzi wa bluu, kwa sababu mweupe ulikuwa umeniishia. Mwingine ana alama ya pasi chini ya ukosi. Niliiunguza mwenyewe mwezi wa nne, akanitukana. Bluford Thaxton, yule mhunzi Mzungu, shati lake lina vifungo vya mfupa, na kimoja si cha namna yake. Pamoja na lingine moja, mashati manne niliyajua, na wenyewe nikawajua. Mengine sikuyajua, siwezi kusema."

"Na baadaye?"

"Jumatatu yaliletwa nifue."

Nje kuku alikuwa anaparua majani makavu.

"Nilikuwa na watoto wawili," Zilpha alisema. "Nikayafua."

Bi Mabry aliweka kalamu chini. Alisogea, akaushika mkono ule uliopauka, akakaa nao muda. Kisha akainuka kwenda ukutani kusoma habari ya Asbury. Alipomaliza hakurudi kukaa. Aliendelea kusoma ukuta, karatasi kwa karatasi, bei za pamba, matangazo ya dawa za mgongo, akipiga magoti na kuinuka, mpaka akafika nyuma ya jiko.

"Dada Permelia, hebu njoo na miwani yako. Hili gazeti ni la tarehe ngapi?"

"Kumi na tano Juni. Ni lile lile la kule kitandani, ukurasa mwingine."

"Soma hapa, kwenye habari za wageni na safari."

Permelia akasoma: "Bibi Thaxton, mke wa Bwana Bluford Thaxton, amerejea Jumanne kutoka Memphis, alikokaa majuma mawili kwa dada yake."

Zilpha alihesabu kwa vidole. Jumanne. Asbury alikufa Jumamosi, siku tatu kabla.

"Hakuwepo," alisema. "Siku hiyo mwanamke mwenyewe hakuwepo Tarver."

"Hakuwepo. Na si mimi ninayesema, wala si wewe. Ni gazeti lao."

"Mji mzima ulilisoma."

"Mji mzima ulilisoma na haukujali. Ndiyo maana mimi huanza na maneno yao wenyewe. Maneno yetu wanasema ni ya uongo kabla hatujafumbua mdomo. Haya yao watayakana vipi? Sasa niambie, Thaxton alikuwa na ugomvi gani na mumeo?"

"Farasi. Wateja walimhama, wakaja kwa Asbury. Thaxton alimwambia aondoke mjini. Asbury akasema ana mke, ana watoto, ana nyundo, aende wapi?"

Bi Mabry aliandika hilo pia. Kisha alifunga daftari.

"Bi Gaither, sitakudanganya. Nikichapa haya, hamtaweza kukaa hapa. Watajua ni nani anayeyajua mashati. Ukitaka, nitaacha mashati. Nitachapa ya Bibi Thaxton peke yake. Hiyo inatosha kulisafisha jina."

"Dada, kubali hivyo," Permelia alisema haraka. "Una watoto. Una nyumba."

Zilpha aliutazama ukuta. Alimtazama Hosea, aliyekuwa anacheza na kiatu cha farasi chini ya meza. Ndicho kitu pekee Zilpha alichookota karakana.

"Gazeti linasema hawajulikani," alisema. "Mimi nawajua. Nikikaa kimya, mimi ndiye nitakuwa nimelimalizia lile gazeti sentensi yake. Andika mashati. Tutaondoka kwanza, halafu chapa."

Mchana ule alifanya kazi anayoijua. Alichemsha maji, akalowesha vitambaa, akavilaza juu ya zile karatasi mbili mpaka gundi ikalainika. Akazibandua bila kuchana hata pembe. Alizikausha kwa pasi ya uvuguvugu, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Bi Mabry alizikunja ndani ya nguo zake zilizofuliwa, akaliweka furushi kichwani, akaondoka.

Kabla hajaondoka, alimpa Zilpha daftari atie sahihi. Zilpha hakuweka alama ya msalaba, kama alivyozoea. Aliandika jina lake mwenyewe. Zile A mbili zilikuwa zimechoka, lakini zilisomeka.

Wiki iliyofuata Zilpha na watoto walipanda treni kwenda Chicago, kwa binamu yake. Majirani waliambiwa binamu ni mgonjwa. Nyuma ya jiko na juu ya kitanda palibaki mbao tupu, na upepo ukiingia.

Gazeti la Bi Mabry lilitoka Januari. Miezi michache baadaye Permelia aliandika barua kutoka Tarver. Gazeti lilikuwa limefika, alisema, na watu walilipitisha kwa siri, ndani ya vikapu vya mayai. Nyumba ya Zilpha ilichomwa moto usiku wa tatu baada ya gazeti kufika. Ilikuwa tupu. Mhariri wa gazeti la Wazungu hakuandika neno. Lakini wanawake wa chama cha kuzikana walikuwa wamenunua daftari. Mtu Mweusi akiguswa, waliandika siku, mahali, nani aliona, na aliona nini. Waliyosikia waliyaweka ukurasa wa pembeni. Mwezi wa tatu kijana mmoja alikamatwa, na kundi likaanza kukusanyika. Siku ile ile habari zake, pamoja na majina ya waliokusanyika, zilikwenda kwa simu ya maandishi kwa gavana na kwa Bi Mabry. Kijana akahamishiwa gereza la mbali. Alifika mahakamani akiwa hai.

Permelia alimalizia hivi: "Laiti tungelijua hili mwaka jana."

Zilpha aliisoma barua hiyo mwenyewe. Ilimchukua jioni mbili.

Chumba chao cha Chicago kilikuwa na ukuta wa plasta. Upepo haukuingia. Hakuna aliyebandika magazeti mle. Lakini Jumamosi moja asubuhi Zilpha alikoroga unga kidogo kwa maji ya moto. Alibandika ukurasa mmoja tu wa gazeti la Bi Mabry, chini, karibu na kitanda, usawa wa macho ya mtoto.

Lovie aliusoma wote kwa sauti. Alipofika kwenye mashati aliinua macho. Mama yake alimngoja. Akaendelea hadi mwisho.

"Mama, wale watu wanne wamefungwa?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu. Thaxton sasa ndiye mhunzi pekee Tarver."

Lovie aliinamisha kichwa. Hosea alitambaa juu ya kitanda, kiatu cha farasi mkononi. Hakujua kusoma bado. Aliweka kidole juu ya neno moja, kwa sababu lilikuwa refu.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Hilo ni jina la baba yako," Zilpha alisema. "Fuata kwa kidole. Tutaanza na hilo."