Milka na Sikukuu Tatu za Lumbini

"Sasa unasema si Dasain tena?"

"Si Dasain. Tihar. Mwezi wa kumi na moja. Tafadhali, Milka."

Milka alisimama katikati ya chumba chao cha kupanga mtaa wa Al Mansoura, huko Uarabuni, simu sikioni, fomu ya likizo mkononi. Jamani, mpenzi wake Bishal alikuwa anamchanganya! Kwanza walipanga waende mwezi wa Mei Lumbini, mji wa mahujaji kule Nepal anakotoka, kwa sherehe ya kuzaliwa kwa Budha, ambayo baba yake huisherehekea. Bishal akaahirisha. Wakasema basi Oktoba, Dasain ya mama yake, ambaye ni wa dini ya Kihindu. Leo tena Tihar, sikukuu ya taa. Nyumba moja, dini mbili, sikukuu kibao, na Milka hana hata moja!

"Huyo ana mke," alisema Valerie, anayeishi naye chumba kimoja, akipaka kucha rangi. "Mwanaume mkweli hukupa tarehe moja, basi."

"Valerie, nyamaza."

Lakini neno lilishamwingia. Likizo yenyewe huipata mara moja kwa miaka miwili, na safari hii aliacha kwenda kwao Ugunja, Kenya, ili akamwone mama mkwe. Akamwandikia Bishal ujumbe:

*Kesho asubuhi supervisor anafunga orodha ya likizo. Nipe ukweli ama tuachane.*

*Nakuja,* akajibu Bishal.

Walikutana kwenye mgahawa wa karak, chai ya maziwa na iliki, chini ya jengo. Kiswahili Bishal alikiokota kwa Wakenya anaopika nao hotelini, lakini leo hata hicho kilimkauka.

"Una mke?"

"Hapana! Milka, baba alifariki. Aprili."

Milka akamtazama kichwani.

"Aprili? Ulipokuja umenyoa kipara, ukaniambia ni joto?"

"Haikuwa joto. Kwetu mtoto wa kiume hunyoa baba akifa. Na mwaka mzima nyumba haisherehekei. Hakuna Dasain, hakuna taa, hakuna harusi. Kila mara nilifikiri mama atakubali sikukuu inayofuata. Nilitaka uikute nyumba ina furaha."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikupata ruhusa ya kwenda kumzika. Nikikuambia, nitalia, na nikilia sitaweza kufanya kazi."

"Miezi yote hii nakununia, kumbe umefiwa! Kwani mimi ni nani kwako, Bishal?" Hasira na huruma vilimjaa kwa pamoja, hata hakujua aanze na kipi. Akafuta machozi kwa kiganja. "Mama yako anaomboleza mpaka lini?"

"Mpaka Aprili ijayo. Anavaa nyeupe tu."

"Sikiliza. Kwetu Ugunja, sherehe mtu anaweza kukosa, lakini matanga hukosi. Nakwenda mwezi ujao."

"Lakini mwezi ujao nyumba itakuwa kimya. Hakuna kitu."

"Mpigie mama. Sasa hivi."

Kwenye video akatokea mama mwembamba, amejitanda kitambaa cheupe. Alimtazama Milka, akauliza jambo.

"Anauliza unakuja sikukuu gani," Bishal akatafsiri.

"Mwambie siji sikukuu. Nakuja kukaa naye, tumlilie baba."

Bishal akafungua kinywa atafsiri. Maneno mawili tu yakatoka, kisha akaangua kilio palepale, mbele za watu. Milka akamshika mkono, na kwa mkono mwingine akaishika simu vizuri ili mama amwone mwanawe.