Mlango wa Nyapara

Kilichoanza ni harufu ya manyoya yaliyolowa, na aliyelaumiwa ni mbwa.

Hakuna aliyeshangaa, maana katika jengo lile la Toronto mbwa ni wengi kuliko watoto, na baadhi yao husukumwa kwenye vigari vya watoto. Zamani lilikuwa kiwanda cha kofia. Wasichana walichemsha manyoya ya sungura humo na kuyakandamiza kutwa nzima, wakitamani siku itakayowatoa. Leo watu wanakopa benki hadi uzeeni ili walale humo humo, mradi matofali yaonekane ukutani na bomba lenye kutu lipite juu ya kitanda. Lorne, aliyekuwa na mbwa mkubwa kuliko wote, alimwogesha kila siku mpaka mnyama akaanza kukohoa. Harufu haikutoka. Ilikuja kila alasiri ya kipupwe, jua likizama mapema kama kawaida ya kule, na ilipanda kutoka chini kabisa, ilipo sauna, chumba cha joto kali cha kukaa utoke jasho.

Sauna hiyo ilikuwa fahari ya Fergus Abernethy, mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Yeye na mkewe Corrine walikuwa wanangoja mtoto wao wa kwanza, baada ya miaka ya kuhangaika na madaktari. Fergus alikuwa na kitu ambacho majirani zake hawakukipata kwa mkopo wowote: baba wa babu yake, Hamish Abernethy, alikuwa nyapara wa kiwanda kile. Chumba cha kukaushia kofia ndicho alichokigeuza sauna, na picha ya mzee akaitundika pembeni ya mlango. Mlango wenyewe ulikuwa ule ule wa chuma, na nje yake komeo nene kama mkono wa mtu. Fundi alitaka kuling'oa. Fergus alikataa katakata, akaagiza lichomelewe tu likiwa wazi, lisisogee, libaki pambo.

"Mzee alikuwa mkali," aliwaambia wageni siku ya kuizindua, glasi mkononi. "Msichana akichelewa kazini, anamfungia humo apate joto kidogo. Sasa kuna mmoja, Nuala sijui nani, alimsahau. Aligonga weee. Wenzake wanasikia, lakini nani ainuke mzee amesimama pale? Walipofungua, kaiva."

Watu walicheka, wengine huku wakiangalia viatu vyao.

"Fergus, koma," Corrine alisema kwa sauti ya chini. "Huyo alikuwa mtoto wa mtu."

"Kwani nimesema alikuwa wa kuku?"

Haikupita wiki, kugonga kukaanza. Mara mbili za haraka, kimya, kisha moja ya taratibu. Ilikuwa sauti ya kiganja juu ya chuma, na ilipitia kwenye yale mabomba waliyoyapenda ikafika kila ghorofa. Sasa watu wa jengo lile hawagongeani milango. Ukiwa na neno na jirani, unaandika kwenye kundi la simu, hata kama anakaa ukuta wa pili. Basi wakaandika.

"Nani anabomoa jiko saa hizi?"

"Jamani, nina kikao."

"Lorne, ni mbwa wako?"

"Mbwa wangu amejifunza ufundi lini?"

Aliyeshuka ni Corrine peke yake. Lifti ilipofunguka alikutana na joto, ingawa sauna ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na ile harufu ilikuwa nzito hata akaihisi ulimini. Kugonga kulikuwa kunaendelea. Aliweka kiganja chake mlangoni, akasikia upande wa pili kiganja kingine kikipiga pale pale. Akavuta mpini. Ndani hapakuwa na mtu, mabenchi yalikuwa makavu, lakini upande wa ndani wa mlango, usawa wa bega la msichana mfupi, palijaa alama za viganja vya maji, moja juu ya nyingine, vidogo, vidole vimetanuliwa, na alipokuwa bado anajiambia kwamba ni unyevu tu, kwamba chuma hutoa jasho, alama mpya ilijibonyeza taratibu mbele ya macho yake, kidole kimoja kimoja, kama ya mtu anayehakikisha anaonekana.

Alipanda ngazi kwa miguu, amelikumbatia tumbo kwa mikono miwili.

"Tuhame," alimnong'oneza mumewe jioni ile. "Fergus, nakuomba. Yule binti bado yumo. Wewe ni damu ya aliyemfungia, na huyu tumboni ni damu yako."

"Mke wangu, mimba inakuchezea akili. Nikimbie nyumba ya wazee wangu kwa sababu ya unyevu?"

Kesho yake Corrine alichukua simu. Alimwita Saskia, mwanamke wa mtaa wa pili anayesafisha nyumba za watu kwa kengele na moshi wa majani makavu. Moshi wa Saskia uliamsha ving'ora, zimamoto wakaja, na jengo zima likasimama nje kwenye theluji, mbwa wamevishwa makoti, wenyewe wamesahau yao. Kwetu mganga humuuliza jini kwanza, wewe nani, umekuja kwa nini, nani kakukosea. Saskia hakuuliza chochote. Alitoka amekwajuka, akamshika Corrine mkono.

"Kinakula usikivu wenu, dada," alinong'ona. "Kikigonga, msiitikie. Msishuke, msifungue. Kikikosa wa kukisikia, kitachoka chenyewe."

Corrine aliyaandika hayo kwenye kundi. Watu waliokuwa wakigombana juu ya maegesho ya baiskeli wakakubaliana kwa mara ya kwanza, tena kwa moyo mmoja. Kutoshuka ndiyo kazi waliyokuwa wanaiweza.

Fergus peke yake ndiye aliyeudhika. Jumapili alasiri alichukua taulo na bia.

"Nashuka sauna. Nikirudi mzima, unaniomba radhi mbele ya kamati."

"Usiende. Basi chukua simu."

"Simu hairuhusiwi mle. Sheria nimeitunga mwenyewe." Akainama, akabusu tumbo la mkewe. "Mlinde mama yako, anaogopa vivuli."

Corrine alivaa hedifoni, akajilaza, akafungua muziki. Hofu ilikuwa imemchosha. Aliposikia kugonga hakushtuka mara moja, ila kulikuwa na vurugu isiyo ya kawaida, ngumi mbili zikipiga ovyo, haraka haraka, na ndani yake kitu kama sauti ya mtu mbali sana, na akainua kichwa, akavua hedifoni, akaweka mguu mmoja sakafuni akitaka kwenda, lakini hapo hapo kugonga kukatulia kukarudi kwenye mwendo wake wa siku zote, mbili za haraka, kimya, moja ya taratibu, na moyo wake ukatulia pamoja nako, akaurudisha mguu kitandani, akachukua simu, akaandika: "Kimeanza. Tafadhali mtu asiitikie." Vidole gumba vya kukubali vikamiminika kwenye kundi kutoka kila ghorofa.

Giza lilipoingia na Fergus hajarudi, ndipo alipoelewa. Zimamoto walilikata komeo kwa msumeno wa umeme, maana lilikuwa limeingia ndani ya kishikio chake hadi mwisho. Mahali alipochomelea fundi palikuwa pazima, hapana hata ufa. Fergus alikuwa amekaa nyuma ya mlango, viganja vyake vimebabuka, na kila aliyemwona alinusa sungura waliolowa.

"Nilimsikia," Lorne alinong'ona, analia, kamba ya mbwa mkononi. "Wote tulimsikia, Corrine. Ulisema tusiitikie."

Corrine alizika, akahamia Hamilton kwa mama yake, katika nyumba mpya ya mbao isiyo na tofali wala bomba la kuonekana. Huko alilala. Alianza kula. Alijiambia kwamba Nuala amechukua chake na deni limekwisha, akaanza kufuma soksi ndogo.

Mwezi wa mwisho ulipoingia, walikuwa wamekaa sebuleni mchana, yeye na mama yake.

"Hee, huyu ana nguvu," mama alisema, mkono kwenye tumbo la bintiye. "Weka hapa, mwanangu. Anapiga kama mtu mzima."

Corrine akaweka kiganja. Mara mbili za haraka. Kimya. Kisha moja ya taratibu.

"Mbona panatoa harufu ya mbwa?" mama akauliza, akigeuka dirishani.

Corrine alihisi joto likipanda kutoka nyongani hadi kifuani, joto la chumba kilichofungwa. "Nakusikia," alinong'ona. "Nuala, nakusikia, nisamehe, nakusikia." Kugonga kukasita. Kisha kukaanza upya, ngumi mbili ndogo zikipiga ovyo, haraka haraka, kama zile za Jumapili.

"Mama, ita gari la wagonjwa. Atolewe. Atolewe sasa hivi, amefungiwa."

"Tulia, mwanangu," mama yake alisema, akatabasamu, akampapasa tumbo. "Anacheza tu huyo. Mwache, atachoka mwenyewe."